Mtu anayeitwa Kampuni

Najua nimeadimika, wiki mbili nzima sijaandika kitu, lakini si mnajua tena mambo ya semina na majaribio. Leo mvua imetufungia bwenini tangu asubuhi, mwenzangu wa chumba kalala, nami nimeona niandike jambo ambalo limenikaa kichwani muhula mzima.

Kama mnavyojua, mimi nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Biashara. Muhula huu tuliruhusiwa kuchukua kozi moja nje ya kitivo. Nikachukua ya sheria za makampuni, ile ya kulinganisha nchi na nchi. Wenzangu wakanicheka: "Sasa wewe mwalimu, mambo ya mawakili utayafanyia nini?" Sikuwajibu. Nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ni baba.

Baba alifanya kazi miaka 19 katika kiwanda kimoja chenye watu kama 600. Nilipokuwa kidato cha pili kampuni ikafilisika, huku ikidaiwa mishahara ya miezi mitano. Jengo na mashine vyote vilikuwa rehani benki, benki ikachukua chake, kikabaki kiwanja chenye nyasi. Baba na wenzake wakaenda nyumbani kwa mwenye kiwanda. Hakuwafukuza, aliwakaribisha vizuri tu, hata chai wakanywa. Kisha akasema: "Wazee wangu, mimi hamnidai. Mnaidai kampuni." Baba aliporudi alimwambia mama, "Leo nimeambiwa deni langu analo mtu asiye na mlango wa kubisha hodi."

Miaka yote nilidhani yule bwana alikuwa tapeli. Kumbe alikuwa anaisema sheria kama ilivyo. Ndiyo maana nikataka kujua: huyo mtu anayeitwa Kampuni alizaliwa lini, na nani aliamua asiwe na mlango?

Haya, twendeni Uingereza. Zamani kule, kuunda kampuni ilikuwa lazima upate hati ya mfalme au sheria maalumu ya Bunge. Mwaka 1844 Bunge likaruhusu watu wajiandikishie kampuni kwa msajili tu. Lakini ikifilisika, wenye hisa walidaiwa mpaka vitanda vyao. Mwaka 1855 ikaja sheria nyingine iliyosema mwenye hisa apoteze kile alichoweka tu, na mwaka uliofuata utaratibu ukarahisishwa: watu 7 wakitia saini, kampuni imepatikana. Watu 7 tu!

Sasa kulikuwa na fundi viatu London, mzee mmoja anaitwa Aron Salomon. Alikuwa na biashara ya viatu vya ngozi huko Whitechapel, tena biashara nzuri. Mwaka 1892 akaigeuza kuwa kampuni. Wenye hisa 7 ni nani? Yeye, mkewe, binti yake na wanawe wanne. Familia walipewa hisa moja moja, yeye akabaki na zaidi ya 20,000. Akaiuzia hiyo kampuni biashara yake kwa karibu pauni 39,000, na sehemu ya malipo ikawa hati za deni za pauni 10,000 zenye dhamana juu ya mali za kampuni. Yaani mzee akawa mwenye kampuni, na papo hapo akawa mtu anayeidai kampuni, tena wa kulipwa mwanzo.

Haukupita hata mwaka na nusu, migomo na hali mbaya ya biashara ya viatu vikaiangusha. Walioidai bila dhamana walikuwa na madai ya zaidi ya pauni 7,000, na hakukuwa na cha kuwalipa. Mfilisi akasema: jamani, hii kampuni ni Salomon mwenyewe kavaa kofia, na alipe. Jaji wa kwanza akakubali. Mahakama ya Rufani nayo ikakubali. Lakini Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, likapindua yote Novemba 1896. Likasema sheria ilitaka watu 7, na 7 walikuwepo. Kampuni ikishaandikishwa ni mtu mwingine kabisa, hata kama kazi ni ileile na mikono ni ileile. Salomon hadaiwi.

Niliposoma hapo maktaba nilifunga kitabu. Nilimwona yule bwana na chai yake.

Ila tusimwonee mzee Salomon. Kampuni ilipoanza kuyumba, aliziweka rehani zile hati zake kwa mtu, akakopa pauni 5,000, akaziingiza kwenye kampuni kuiokoa. Naye aliumia. Na sheria ina faida yake, tusidanganyane: bila kikomo kile, nani angethubutu kuweka akiba yake kwenye reli au kiwanda asichokiendesha yeye?

Na kuna jambo ambalo wengi wanaosimulia kesi hii hulisahau. Mwaka uleule hukumu ilipochapishwa kwenye ripoti za sheria, 1897, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mishahara ya wafanyakazi, kwa kiwango fulani, ilipwe kabla ya mwenye dhamana ile inayoelea juu ya mali zote za kampuni. Lakini aliyewekewa rehani kitu maalumu, kama jengo, akaachwa mbele palepale. Nadhani mmeshaona baba yangu alipitwa wapi.

Sasa tuvuke bahari twende Ujerumani, maana utamu wa kulinganisha uko hapa. Wajerumani walilegeza sheria mwaka 1870, makampuni yakachipuka kama uyoga, na mwaka 1873 yakaporomoka watu wakalia. Kwa hiyo mwaka 1884 wakaibana sheria ya makampuni makubwa. Halafu mwaka 1892, mwaka uleule ambao Salomon aliunda kampuni yake, wakatunga sheria ya kampuni ndogo, inayoitwa GmbH. Kikomo cha dhima kipo kama Uingereza, lakini lazima kuwe na mtaji wa angalau mark 20,000. Siku hizi ni euro 25,000, ingawa tangu 2008 kuna aina ndogo inayoweza kuanza hata na euro 1. Wazo lao lilikuwa: ukitaka kuzaa mtu asiye na mlango, kwanza mwekee kitu mfukoni.

Wafaransa nao walichelewa. Kampuni zao kubwa za hisa ziliomba kibali cha serikali mpaka mwaka 1867. Aina ya kampuni ndogo yenye kikomo waliipata mwaka 1925, na waliipataje? Baada ya vita walirudishiwa Alsace na Lorraine kutoka kwa Wajerumani, wakakuta wafanyabiashara wa huko wameshazoea GmbH na hawataki kuiacha. Sheria ikavuka mpaka kwa miguu ya wafanyabiashara.

Lakini jambo la Ujerumani lililonikosesha usingizi ni jingine. Kampuni zao kubwa zina bodi mbili: moja inaendesha, nyingine inaisimamia ile inayoendesha. Mwaka 1951, kwenye makaa ya mawe na chuma, wafanyakazi wakapewa nusu ya viti kwenye bodi ya usimamizi. Mwaka 1952 ikaja theluthi moja kwa kampuni nyingine, na mwaka 1976 ikawa nusu kwa zenye wafanyakazi zaidi ya 2,000, japo kura zikilingana mwenyekiti, ambaye kwa kawaida ni wa upande wa wenye hisa, ana kura ya pili. Leo kampuni yenye watu zaidi ya 500 inawapa wafanyakazi theluthi. Piga hesabu: kiwanda cha baba kilikuwa na watu kama 600.

Mtauliza, sisi hayo yanatuhusu nini? Wadau, sisi tulikuwa chini ya Wajerumani! Tena Mjerumani aliingia kwetu akiwa kampuni: ile ya Carl Peters, iliyopewa hati ya ulinzi ya Kaisari Februari 1885. Kampuni ilishindwa kutawala, Abushiri na wenzake wa pwani wakaitikisa, mpaka serikali ya Ujerumani ikachukua nchi rasmi mwaka 1891. Baada ya vita vya kwanza akaja Mwingereza, na amri ya mwaka 1920 ikasema sheria za Uingereza zilizokuwepo tarehe 22 Julai mwaka huo zitumike Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tukapata Sheria ya Makampuni, sura ya 212, iliyofuata ya Kiingereza, ikadumu mpaka ile ya mwaka 2002 ilipoanza kutumika mwaka 2006. Kwa hiyo Salomon ni babu yetu kisheria. Hatukumchagua, tulirithishwa.

Na msidhani hatukuwahi kujaribu njia yetu. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawapa wafanyakazi nguvu ya kuwakosoa mabosi wababe. Mabaraza hayo yalikuwa ya kushauri zaidi kuliko kuamua, na ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ukahamishia viwanda vingi kwa wenyewe wapya. Sheria ya 2002 inawataka wakurugenzi wazingatie pia maslahi ya wafanyakazi. Kuzingatia. Kiti hakuna.

Ninachotaka kusema ni hiki. Nilivyokua niliamini kwamba kampuni ikifa mfanyakazi hukosa, kama vile mvua ikinyesha utalowa. Kumbe kila kipande cha jambo hilo kiliamuliwa na watu, kwa mwaka unaojulikana, mara nyingi baada ya balaa fulani, na jirani yao ng'ambo ya mpaka akaamua tofauti. Kilichoamuliwa na watu kinaweza kujadiliwa na watu. Nikianza kufundisha Biashara, mada ya aina za kampuni sitaiandika ubaoni kama amri kumi za Mungu.

Jumapili nilimpigia baba nikamsimulia yote, kuanzia kwa fundi viatu. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Na huko Ujerumani, wafanyakazi wakikaa kwenye bodi, kiwanda hakifi?"

Nikamwambia ukweli: "Kinakufa, baba. Ila wao wanaviona vitabu vya hesabu mapema."

Akanyamaza kidogo. "Basi hilo tu lingenitosha, mwanangu. Mwezi wa tatu ule bila mshahara nilikwenda kukopa mabati, nikijua hela inakuja. Ningejua, nisingekopa."

Deni la mabati alilimaliza nikiwa kidato cha sita.

Mvua inakatika sasa, ngoja nikatafute chakula. Naomba kuwasilisha.