Njia ya Puani Iliyonusurika Kusahaulika

Tezi ya pituitari haizidi punje ya njegere kwa ukubwa, nayo imejificha katikati ya fuvu, chini kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana. Uvimbe ukiota hapo, mgonjwa huanza kupoteza uwezo wa kuona pembeni, kulia na kushoto. Wengine hukua viganja, nyayo na taya wakiwa watu wazima, ugonjwa ambao Mfaransa Pierre Marie aliueleza mwaka 1886 na kuupa jina la akromegali.

Kuifikia tezi hiyo kwa kufungua fuvu kulimaanisha kuuinua ubongo, na enzi hizo wengi hawakuamka. Lakini nyuma ya pua upo uwazi ndani ya mfupa wa sfenoidi, na tezi imekaa juu yake, ikitenganishwa nao na ukuta mwembamba wa mfupa. Mwaka 1907, mjini Innsbruck, Austria, Hermann Schloffer alithubutu kupita huko. Aliikata pua na kuilaza upande mmoja ndipo akaufikia uvimbe. Mgonjwa alihimili upasuaji, akafariki baada ya miezi miwili na nusu; maiti ilipochunguzwa, sehemu kubwa ya uvimbe ilikutwa bado ipo.

Oskar Hirsch, daktari wa pua wa Vienna, alifanya kwa upole zaidi. Mwaka 1910 alipita ndani ya tundu la pua lenyewe, kwa ganzi ya kokaini, mgonjwa akiwa macho, bila kuacha kovu usoni. Mwaka huohuo Albert Halstead wa Chicago alianzia chini ya mdomo wa juu. Harvey Cushing aliyachanganya mawazo ya wenzake, na kati ya 1910 na 1925 akawapasua hivyo wagonjwa 231. Waliofariki walikuwa asilimia 5.6. Hakuwa na antibiotiki wala kotisoni. Kwangu mimi, ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za upasuaji wa karne hiyo.

Kisha akaiacha njia ya puani. Mkono wake ulikuwa umezoea kufungua fuvu kwa usalama, na kutokea juu aliziona neva za macho waziwazi na kuzikomboa vizuri zaidi. Cushing alikuwa na heshima kubwa mno. Alipogeuka, karibu wote waligeuka naye. Hirsch hakugeuka. Mwaka 1938, Wanazi walipoitwaa Austria, yeye aliyekuwa Myahudi alikimbilia Boston, akaendelea kupita puani.

Mwingine alikuwa Norman Dott, Mskoti aliyejifunza kwa Cushing mjini Boston mwaka 1923 na 1924, kabla mwalimu hajabadili msimamo. Huko Edinburgh aliifanya kazi hiyo kimyakimya kwa miongo mitatu. Mwaka 1956 Gérard Guiot alisafiri kutoka Ufaransa kwenda kumtazama, akarudi Paris na kuanza kuongoza vifaa vyake kwa picha za eksirei zilizoonekana palepale mezani. Kwa Guiot akapita Jules Hardy wa Montreal, ambaye katika miaka ya 1960 aliingiza darubini ya upasuaji. Hapo ndipo ikawezekana kutoa uvimbe wa milimita chache tu na kuiacha tezi yenyewe ikiwa salama, ikiendelea kutoa homoni. Fikiria kama Dott naye angeacha!

Guiot alikuwa amejaribu pia kuchungulia kwa endoskopu, mrija mwembamba wa kuonea ndani ya mwili, lakini mwanga wa vifaa vya wakati ule haukutosha. Katika miaka ya 1990 Roger Jankowski huko Nancy, kisha Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau huko Pittsburgh, waliifanya endoskopu kuwa jicho kuu la upasuaji huu. Ikabaki hatari ya tangu siku za Schloffer: maji ya ubongo kuvujia puani na kuleta homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2006 madaktari wa Argentina, Hadad na Bassagasteguy, wakiwa na wenzao, walieleza namna ya kuziba tundu kwa ngozi laini ya ukuta wa kati wa pua, ikiwa bado imeshikana na mshipa wake wa damu.