Mwalimu Aliyeanza Kuuliza

Katika seminari na vyuo vikuu vyetu tunalia kila mara juu ya ukosefu wa vitabu. Kilio hicho ni cha haki. Lakini historia ya Kamina yatuonyesha msaada mwingine wa kufundishia, tena hauombi feza.

Padri Placide Tempels, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akakaa kati ya Baluba wa upande huu wa Kamina. Miaka ya kwanza alifundisha kama wengine: yeye alisema, watu waliitikia. Majibu yalikuwa mazuri. Maisha yalibaki palepale. Ndipo alipogeuza njia. Akaweka mafundisho kando kwanza, akauliza: Ninyi mwafikiri nini? Mwatamani nini kuliko vyote? Wakamjibu: uzima, uzazi, mapendo yenye kuunga watu. Katika masikilizano hayo kikazaliwa kitabu chake, La philosophie bantoue, kilichopigwa chapa Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1945.

Tusimsifu kupita kiasi. Mwaka 1968 Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni alikipima kitabu hicho kwa ukali. Tena zamani kuliko Tempels, Stefano Kaoze, Mtabwa, alikuwa amekwisha kuandika juu ya mawazo ya Wabantu. Maandiko yake yalianza kutolewa mwaka 1910, naye angali mseminari. Upadri aliupata mwaka 1917. Mwanafunzi alitangulia, na sisi twamtaja mgeni tu!

Je, jambo hili lafaa shule kubwa, au katekesimu peke yake? Tutazame Lovanium, karibu na Léopoldville (leo Kinshasa). Tarehe 29 Januari 1960 Tharcisse Tshibangu, mwanafunzi wa teolojia, alisimama mbele ya watu kushindana kwa maneno na mkubwa wa kitivo chake, Padri Alfred Vanneste. Mwanafunzi alitetea teolojia yenye rangi ya Afrika. Mwalimu alishika kwamba teolojia ya kweli ni ya watu wote. Maneno ya wote wawili yakachapwa katika Revue du Clergé Africain.

Leo wanafunzi wengi wananunua makaratasi ya profesa, wanayashika kwa kichwa, wanayarudisha siku ya mtihani. Saa ya kumjibu profesa haionekani. Vanneste aliitoa saa hiyo. Na yule aliyebishana naye aliwekwa, mwaka 1971, kuwa rekta wa Université Nationale du Zaïre.