Wachina wanavyowakumbuka wafu wao kwa intaneti

KILA mwaka, Aprili 4 au 5, Wachina huadhimisha Qingming, siku ya kufagia makaburi. Jamaa hung’oa magugu, huosha jiwe la kaburi, huandaa matunda na pombe, kisha huwasha udi na kuinama mbele ya marehemu. Pia huchoma pesa za karatasi, kwa imani kwamba moshi utamfikishia. Siku hizi huchomwa hata magari na simu za karatasi. Ahera nako, yaonekana, hakuna anayetaka kupitwa na wakati.

Chimbuko la desturi hii ni wajibu wa mtoto kwa mzazi, ambao katika mafunzo ya Confucius haukomi mzazi anapofariki. Chini ya Mao Zedong ilipigwa vita kama ushirikina, lakini tangu 2008 Qingming ni sikukuu ya kitaifa.

Tatizo ni umbali. Mamilioni ya watu wamehamia mijini kutafuta kazi, nayo makaburi yamebaki vijijini. Ndipo zikazuka tovuti za kumbukumbu, ambamo jamaa huweka picha na wasifu wa marehemu, kisha kwa kubonyeza tu huwasha mshumaa au kumwekea maua. Hong Kong, ambako ardhi ni adimu, serikali yenyewe ilianzisha tovuti ya aina hiyo mwaka wa 2010. Wengine humlipa mtu akafagie kaburi kwa niaba yao, huku wakimtazama kwa video.

Wakosoaji huuliza: heshima ni ipi, ikiwa magoti hayakugusa udongo? Swali hilo lina uzito, hasa kwa tovuti zinazouza maua na pombe ambazo hazipo ila kwenye kioo cha kompyuta. Lakini Aprili 2020, wakati wa janga la corona, jiji la Wuhan lilipiga marufuku kuzuru makaburi hadi mwisho wa mwezi huo. Kwa waliokuwa wamefiwa majuma machache tu kabla, hapakuwa na njia nyingine ya kutimiza wajibu wa Qingming.

Sasa limeingia jambo zito zaidi. Kufikia 2024, kampuni kadhaa za China zilikuwa zikitumia akili bandia kuunda sura na sauti ya marehemu, ili azungumze na jamaa zake. Mshumaa wa tovuti humkumbusha mtu kwamba mzazi hayupo. Sanamu hii humjibu.