Mpaka Uliopinda: Habari za Mstari wa Kenya na Tanzania

Mwanafunzi akiitandaza ramani ya Afrika ya Mashariki juu ya meza, akaufuata kwa kidole mpaka wa Kenya na Tanzania, ataona jambo la ajabu. Mstari waanza pwani karibu na Vanga, wapanda kuelekea kaskazini-magharibi umenyooka kama uzi wa mwashi. Ufikapo ziwa Jipe huacha unyofu wake, huuzunguka mlima Kilimanjaro upande wa mashariki na kaskazini, kisha hunyooka tena hata ziwa Victoria. Urefu wake ni maili 480 hivi, yaani kilomita 770. Tena, mwanafunzi akitandaza uzi kutoka Vanga hata mahali mpaka ufikapo ziwani, ataona kwamba uzi wapita kusini ya kilele cha Kibo. Maana yake, kama mstari usingalipinda, kilele kile kingalikuwa upande wa Kenya.

Sisi tunaowasomesha vijana watakaokuwa walimu huulizwa kila mwaka: mbona mpaka umepinda? Na kabla hatujafungua kinywa, mmoja wao hujibu kwa furaha. Husema kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na milima miwili yenye theluji, Kenya na Kilimanjaro, na mjukuu wake Kaizari Wilhelm wa Ujerumani hakuwa na hata mmoja; basi bibi akamhurumia mjukuu, akampa Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Hadithi hii ni tamu. Sisi wenyewe tulifundishwa, na tulipokuwa walimu wachanga tukaifundisha. Lakini si kweli, na mwalimu aliyepoteza watu njia hana budi kurudi kuwaonyesha njia.

Na tutazame miaka. Mapatano yaliyoupinda mpaka yalifanywa kwa barua baina ya serikali ya Uingereza na ya Ujerumani, mwishoni mwa Oktoba na mwanzo wa Novemba, 1886. Wakati huo Kaizari alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, wala hakuwa mjukuu wa Malkia. Mjukuu wake, Wilhelm wa Pili, alikuwa kijana wa miaka 27, na ukaizari hakuupata mpaka mwaka wa 1888. Hakuna apewaye zawadi ya kifalme kabla ya kuwa mfalme.

Basi ilikuwaje? Katika mwaka wa 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika Taveta na Moshi, akapatana na wenyeji habari za ardhi. Mwisho wa mwaka ule Mjerumani Carl Peters alitembea Usagara, Uzigua, Nguu na Ukami akikusanya mikataba. Mwaka wa 1885 Sultani Barghash wa Unguja naye alimpeleka Jemadari Mathews aitweke bendera yake nchi ya Kilimanjaro. Na mwaka ule ule Mjerumani Jühlke akafika kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, akafanya naye mkataba. Mangi alikuwa mtu wa akili, mwenye adui zake na mashauri yake, akampokea kila mgeni kwa faida ya watu wake. Hakujua kwamba karatasi zile zitakwenda kusomwa Ulaya kana kwamba ni hati za kuuza nchi.

Huko Ulaya kila upande ulitaka kitu chake. Waingereza waliitaka Mombasa, bandari njema, na njia ya kutoka huko hata Ziwa. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walishika karatasi ya Jühlke wakautaka mlima. Wakagawana. Waliandika kwamba mstari utoke mlango wa mto Umba, uende sawasawa hata ziwa Jipe, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Uchaga, uzunguke chini ya mlima kwa kaskazini, kisha uende moja kwa moja hata ufuko wa mashariki wa Ziwa, pale ukatwapo na digrii ya kwanza kusini ya ikweta. Sultani aliletewa mambo yaliyokwisha amuliwa, akayakubali mwezi wa Desemba. Mangi hakuulizwa, wala Mtaveta, wala Mmaasai, wala Mdigo. Wazee husema, msema pweke hakosi.

Katika mwaka ule hakuna Mzungu aliyekuwa amefika kilele cha Kibo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikifikia mwaka wa 1889. Meyer akakipa jina la Kaizari Wilhelm, na huenda jina hilo ndilo lililoinenepesha hadithi ya zawadi. Kazi ya kuupima mpaka kwa miguu nayo ilifuata baadaye: toka pwani hata Kilimanjaro mwaka wa 1892, na toka Kilimanjaro hata Ziwa katika miaka ya 1904 hata 1906.

Sasa tuufuate mstari wenyewe, tuone vituko vyake. Mwaka wa 1893 mwanzo wake uliwekwa Ras Jimbo badala ya mlango wa mto Umba. Kwa hiyo Umba, mto uliotajwa kuwa mwanzo wa mpaka, leo hutoka milima ya Usambara katika Tanzania na kuingia baharini katika Kenya. Wadigo wako huku na huku, na harusi zao, misiba yao na mashamba yao hayakuwahi kuusoma mkataba.

Mbele kidogo ni ziwa Jipe, ambalo limo katika nchi zote mbili. Mto Lumi hutoka Kilimanjaro, hupita Taveta katika Kenya, huingia Jipe. Na maji ya Jipe hutoka tena kwa mto Ruvu, huenda kuungana na Pangani katika Tanzania. Ziwa Chala nalo, lililo katika shimo la volkano ya kale, limekatwa na mstari, ijapokuwa hapana awezaye kuweka kigingi juu ya maji yake ya kina kirefu.

Ukishaupita mlima wafika nchi ya Wamaasai. Mfugaji hufuata mvua na majani, na mvua haina upande. Magharibi zaidi nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kila mwaka baina ya Serengeti na Maasai Mara, wakivuka mpaka kwenda na kurudi. Karibu na Ziwa ni Wakuria, watu wa lugha moja katika serikali mbili.

Mstari huu umeonja vita pia. Mwezi wa Agosti, 1914, Wajerumani waliiteka Taveta, wakaishika hata Machi, 1916. Na Jasini, karibu na Vanga, watu wengi walikufa Januari, 1915. Vita vilipokwisha, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, hata pande zote mbili zikawa na mfalme mmoja. Hata hivyo mstari haukufutwa. Uhuru ulipokuja, Tanganyika mwaka wa 1961 na Kenya mwaka wa 1963, waliurithi kama mtu arithivyo nyumba asiyoijenga. Na mwaka wa 1964, huko Kairo, wakuu wa nchi huru za Afrika waliahidi kuiheshimu mipaka waliyoikuta, kwa kuwa waliogopa kwamba kuisahihisha kutaleta vita kuliko kuivumilia.

Lakini kuheshimu mpaka si kufunga mlango. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na mpaka ukafungwa hata mwaka wa 1983. Katika miaka ile nyumbu walivuka kama desturi yao, na watu wa ukoo mmoja walitazamana kwa mbali. Jumuiya ilipoanzishwa upya, kwa mkataba wa mwaka wa 1999, vilijengwa vituo vya pamoja Namanga, Holili na Taveta, Sirari na Isebania, Horohoro na Lunga Lunga, ili msafiri akaguliwe mara moja tu.

Kwa nini basi tumejisumbua kuivunja hadithi tamu? Kwa sababu hadithi ya zawadi humfundisha mtoto kwamba nchi yake ilikuwa kitu cha mchezo ndani ya nyumba ya bibi mmoja huko mbali. Habari ya kweli humfundisha zaidi: kwamba palikuwa na Mangi mwenye mashauri, na Sultani mwenye madai, na karatasi zilizosomwa kwa maana nyingine mbali na macho yao. Mtoto ajuaye hayo ataisoma kila karatasi kabla ya kutia sahihi yake.

Ninyi mnaokaa karibu na mstari huu, waulizeni wazee kabla hawajaondoka: vigingi vilipandwa lini, na ni shamba la nani lililokatwa. Yaandikeni. Majibu yao hayamo katika mkataba wo wote.