Zabibu za Dodoma na Mkate wa Mayai wa Bibi Zetu



Leo tuingie jikoni, lakini kwanza tupitie kwenye historia, maana mkate huu una safari ndefu.

Tuanze na jina. Kwa Kiarabu tunda bichi la mzabibu huitwa inab. Zabib ni lile lililokaushwa. Sisi watu wa pwani tukachukua jina la lililokauka tukaliita tunda zima. Jina lenyewe linatuambia bibi zetu walivyolijua: lilifika kavu, kwa bahari, likapimwa dukani kidogo kidogo, likaishia juu ya mkate wa mayai siku ya Idi. Mzabibu wenyewe wengi wao hawakuwahi kuuona.

Sisi tunaouona kila siku ni wanawake wa visiwani tunaoishi Dodoma. Tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, wengi tumekuja: wengine na waume zetu, wengine na vyerehani vyetu. Tunashona, na msimu wa harusi na Idi tunaoka. Na huku zabibu huuzwa barabarani kwa sahani, mbichi, zingine tamu na zingine kali za kukukunjisha uso.

Keki kabla ya neno keki

Mkate wa mayai hauna siagi, hauna hamira, hauna baking poda. Ni mayai, sukari, unga wa ngano na iliki. Kinachouinua ni hewa inayoingia kwenye mayai unapoyapiga, basi. Ndiyo maana zamani kazi hiyo ilipewa msichana mwenye mkono wa subira, akapiga mpaka mayai yakawa meupe na mazito.

Oveni hazikuwepo. Sufuria iliwekwa kwenye jiko, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Uso wa mkate ukianza kushika, mfuniko ulifunuliwa haraka, zabibu zikatawanywa juu, ukafunikwa tena. Ukizitia mapema huzama zote chini.

Ulikuwa mkate wa heshima kwa sababu ulikuwa wa gharama. Unga wa ngano ulinunuliwa, sukari ilinunuliwa, na zabibu zilitoka ng'ambo. Haukuliwa kila siku.

Deni letu kwa Ugogo

Watu wa kwetu walipita Ugogo zamani sana kabla yetu. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na mali nyingi ilikuwa ya wafanyabiashara wa Unguja na pwani. Ukishatoka Mpwapwa ulivuka Marenga Mkali, pori kavu ambalo maji yake machache yalikuwa machungu. Ng'ambo yake ndiyo Ugogo, penye visima, mtama na uwele.

Watemi wa Kigogo walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, uliolipwa kwa vitambaa kama merikani na kaniki, na kwa shanga. Wasafiri walilalamika sana, na malalamiko yao ndiyo yaliyoandikwa vitabuni. Sisi tunaouza nguo tunaliona vingine. Kisima kimechimbwa na mtu. Nafaka imelimwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke. Msafara wa mamia ya wapagazi ukinywa na kula hapo, lazima ulipe. Hiyo ni biashara kama nyingine.

Tunalisema hili kwa sababu kwetu visiwani bado wapo wanaoitaja Dodoma kwa dharau, kama nchi ya njaa tu. Babu zetu walishiba humo njiani.

Mkate wa ngano, hata hivyo, ulipita tu. Waarabu waliokaa Tabora walipanda ngano yao huko. Hapa katikati watu walikula ugali wa mtama na uwele kwa mlenda, chakula kinachostahimili ukame. Unga wa ngano ulianza kufika kwa urahisi baada ya reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam kuingia Dodoma mwaka 1910, ikaleta maduka na watu wa pwani mjini.

Njaa, karanga, kisha mzabibu

Njaa ilikuwepo kweli, lakini tuseme na sababu yake. Katika Vita ya 1914 hadi 1918 majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu. Wagogo wanaiita njaa hiyo Mtunya, ya 1918 hadi 1920, na waliokufa ni wengi mno.

Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga kwa wingi. Udongo ulikuwa mgumu, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea.

Miaka michache baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, mapadri wa misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji, walipanda mizabibu. Ikakubali. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya miezi michache, Desemba mpaka Aprili, kisha jua tupu. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na huzaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na huvuna mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Kutoka misheni, mizabibu ilikwenda gereza la Isanga, kisha kwa wananchi, mpaka vijiji kama Hombolo na Mpunguzi. Makutupora kukawa na kituo cha utafiti.

Historia isiyosimuliwa

Ukisikia historia ya zabibu za Dodoma, utasikia historia ya mvinyo: padri, gereza, kiwanda. Wote hao ni wanaume. Lakini anayechuma ni nani? Anayebeba ndoo kichwani ni nani? Anayekaa na sahani kando ya barabara juani ni nani?

Ni mama. Na mama huyo ana tatizo ambalo sisi washonaji hatuna. Kitambaa kisiponunuliwa leo, kitangoja mwezi ujao. Zabibu haingoji. Ikiiva, ina siku chache. Mnunuzi wa kiwanda akichelewa, au akisema mwaka huu hazitaki nyingi, yeye ndiye anayepanga bei. Mwenye tunda linalooza hana nguvu ya kubishana.

Wapo dada zetu wanaosita wakisikia zabibu za Dodoma, kwa sababu akili inakwenda kwenye ulevi. Majirani zetu Wakristo wana desturi zao na tunaishi nao vizuri. Ila tunda lenyewe halina kosa. Qur'an inataja mizabibu miongoni mwa neema, katika Suratun Nahl na Surat Abasa. Kilichokatazwa ni kulevya. Kila kilo inayoingia kwenye mkate wetu ni kilo ambayo mama wa Hombolo ameuza bila kungoja kiwanda.

Tunavyouoka hapa

Mayai 6, sukari kikombe kimoja, unga wa ngano kikombe kimoja na robo uliochekechwa mara mbili, iliki ya kusaga kijiko kidogo kimoja, maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa, na chumvi chembe.

Zabibu mbichi kikombe kimoja. Chagua zenye ukali kidogo, siyo zile tamu kabisa. Mkate huu una sukari nyingi na hauna mafuta, kwa hiyo ule ukali ndio unaoukata utamu. Kata katikati, toa mbegu, zipanguse kwa kitambaa safi mpaka zikauke, kisha zinyunyizie unga kidogo.

Piga mayai na sukari mpaka ukiinua mwiko uji udondoke kama utepe na ubaki juu kidogo kabla ya kuzama. Changanya unga kwa mkono mwepesi, kidogo kidogo, usipige tena. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Uso ukishika, panga zabibu juu, usizijaze, maana zina maji. Oka kwa moto wa wastani, dakika 30 hadi 35. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu umeiva. Hewa ya Dodoma ni kavu, hivyo ukipoa ufunike, la sivyo kesho utakuwa kama rusk.

Mavuno ya Agosti na Septemba ni mazuri ya kukausha, kwa sababu hakuna mvua. Zitandaze juu ya wavu ulioinuliwa, funika kwa chandarua, zigeuze kila siku. Kilo nne mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Hizo ndizo zabib za bibi zetu, ila hazikuvuka bahari.

Ombi letu

Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dar es Salaam kutoka Dodoma kwa saa chache tu, na boti ya Unguja ni kama saa mbili. Njia ambayo misafara iliitembea kwa wiki nyingi, leo boksi la zabibu linaimaliza siku moja.

Basi dada, ukinunua zabibu kavu Darajani, muulize muuzaji zimetoka wapi. Akikujibu ng'ambo, mwambie Dodoma zipo. Na ukiwa na ndugu anayerudi kutoka huku mwezi wa Septemba, muagize kilo mbili, umwambie anunue kwa mama wa barabarani, na asimpunguzie bei.

Mungu awabariki na mikono yenu. Mkiuoka, tuambieni umetokaje.