Lotoko na Reli ya Kindu

Wengi husema reli iliyounganisha Kindu na Kongolo mwaka 1911 ndiyo iliyoleta ulevi Maniema, mashariki mwa Kongo. Mimi naona marufuku ya pombe kali ndiyo ya kulaumiwa zaidi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeshaibana biashara ya pombe kali Kongo, na utawala wa Wabelgiji ukamkataza Mwafrika kuinunua. Aliyeitaka aliitengeneza mwenyewe, kwa siri: mahindi na muhogo uliochachushwa huchemshwa ndani ya pipa, mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, na lotoko, yaani pombe kali ya kienyeji, hudondoka tone kwa tone. Mtu atasema chanzo cha lotoko ni umaskini tu, kwani bia ya chupa ni ghali. Kweli, bei inaeleza wanywaji wa leo. Haielezi kwa nini mapipa yalifichwa porini.