Chama cha wazazi na walimu

Chama cha wazazi na walimu ni jumuiya inayowakutanisha wazazi au walezi wa wanafunzi wa shule moja na walimu wao, kwa ajili ya kuangalia ustawi wa watoto, maendeleo ya shule na matumizi ya michango. Afrika Mashariki hujulikana zaidi kwa kifupi kama PTA. Viongozi wake hawalipwi mshahara. Huchaguliwa na wazazi wenzao, hutumikia kwa muda na wengi huingia madarakani bila kujua sheria za elimu wala hesabu za taasisi. Kwa sababu hiyo uendeshaji wa chama na mafunzo ya viongozi ni mambo yasiyotengana. Makala haya yanaeleza zaidi hali ya Kenya, ambako chama kimeandikwa katika sheria na ambako faida ya kuwafundisha wazazi imewahi kupimwa kwa utafiti.

Chimbuko

Chama cha namna hii kinachotajwa sana katika historia kilianzishwa Washington, Marekani, tarehe 17 Februari 1897. Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst waliitisha mkutano wa akina mama, na umoja uliozaliwa hapo ukaja kuwapokea akina baba na walimu. Katika majimbo yaliyotenganisha shule kwa rangi, Selena Sloan Butler wa Atlanta aliasisi mwaka 1926 umoja wa kitaifa wa wazazi na walimu Weusi. Jumuiya hizo mbili ziliungana mwaka 1970.

Afrika Mashariki ilifika huko kwa njia yake. Katika miaka ya 1930 wazazi wa Kenya ya kati waliokosana na wamishonari walijenga shule huru, wakaajiri walimu na kuwalipa kwa michango yao, hadi serikali ya kikoloni ilipozifunga wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Tanganyika ilikuwa na jumuiya ya wazazi Waafrika iliyojulikana kama TAPA. Iliundwa mwaka 1955, ikafungamana na chama cha siasa cha TANU na kuendesha shule kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi katika shule za serikali na za misheni. Baada ya uhuru wa Kenya, wito wa harambee uliwafanya wanavijiji wajenge shule nyingi za sekondari kwa nguvu zao.

Historia hiyo imeacha alama mbili. Ya kwanza ni kwamba mzazi wa Afrika Mashariki hujiona ana haki juu ya shule aliyoijenga. Ya pili ni mazoea ya kumwona mzazi kama mfuko: anaitwa shuleni kunapotakiwa pesa, na zikishapatikana haulizwi neno. Chama kinachofanya kazi vizuri huilinda alama ya kwanza na kuipunguza ya pili.

Msingi wa kisheria nchini Kenya

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka kila shule, ya umma au ya binafsi, iwe na chama cha wazazi. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, na walimu wana uwakilishi. Jedwali la Tatu la sheria hiyo linaeleza kamati tendaji yenye wawakilishi wa kila darasa pamoja na walimu wawili. Mwenyekiti na wajumbe wawili wa kamati huingizwa katika bodi ya usimamizi ya shule, na hivyo sauti ya wazazi hufika mahali maamuzi yanapopitishwa.

Majukumu yaliyoorodheshwa ni pamoja na kuangalia malezi, lishe na afya ya wanafunzi, kudumisha maelewano kati ya walimu na wazazi, kushauri njia za kupata fedha za majengo, kupendekeza michango na kusaidia shule katika malezi na nidhamu. Katika suala la michango, neno la sheria ni kupendekeza. Shule ya umma haiwezi kutoza ada ya masomo. Michango mingine huhitaji idhini ya waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lazima itolewe stakabadhi rasmi, na mtoto hafukuzwi kwa sababu mzazi wake hajalipa.

Mipaka mingine nayo huwasumbua viongozi wapya. Mwajiri wa walimu wa umma ni Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC. Kamati yenye malalamiko juu ya mwalimu huyapeleka kwa mwalimu mkuu, kwa bodi au kwa tume yenyewe. Haina mamlaka ya kumfukuza wala kumhamisha. Vilevile mkutano wa wazazi hauwezi kuhalalisha kiboko wala masomo ya ziada wakati wa likizo, hata kura zote zikiunga mkono, kwa kuwa sheria imekataza yote mawili.

Muundo na uchaguzi

Nguzo ya chama ni mwakilishi wa darasa. Ndiye mzazi wa kawaida anayemfahamu na anayeweza kumpigia simu bila woga. Uchaguzi wake hufanywa na wazazi wa darasa husika, na ni vizuri ufanyike darasani kwao kabla ya mkutano mkuu, kwa kuwa katika kusanyiko la watu mia kadhaa majina ya wenye kauli nzito ndiyo husikika peke yake. Mwenyekiti aliyeteuliwa kimyakimya na ofisi ya mwalimu mkuu hupata shida kumwuliza mwalimu mkuu huyohuyo juu ya hesabu.

Mwenyekiti huongoza vikao na kulinda haki ya kila mjumbe kusema. Katibu huandika kumbukumbu, huzisoma kikao kinachofuata na kuhifadhi orodha ya mahudhurio. Shughuli za mweka hazina hutegemea utaratibu wa shule: pale fedha zote zinapopita katika akaunti ya shule, kazi yake kubwa ni kulinganisha kilichopitishwa na kilichotumika. Kamati ndogo za chakula, majengo au masomo huundwa kwa kazi maalumu na kuvunjwa kazi inapokwisha.

Uendeshaji wa mikutano

Mkutano mkuu wa mwaka huwachagua viongozi, hupokea taarifa ya kazi na ya fedha, na hujadili mapendekezo. Mahudhurio huanguka kwa sababu zinazojulikana: siku ya kazi au ya soko, notisi iliyofika jana yake, hotuba ndefu za wageni, na taarifa ya fedha kusomwa jioni wakati watu wameanza kuondoka. Vyama vilivyozoea kazi hutoa notisi wiki mbili kabla pamoja na ajenda, huweka fedha mwanzoni na hotuba mwishoni, na huandaa karatasi ya ukurasa mmoja yenye mapato na matumizi. Lugha ya mkutano huwa ile ambayo bibi anayelea wajukuu ataielewa, ikiwa Kiswahili au lugha ya eneo hilo.

Kikundi cha WhatsApp kimekuwa njia ya kawaida ya mawasiliano katika shule za mijini. Hufaa kwa matangazo, lakini hakiwezi kuwa mahali pa uamuzi. Mzazi asiye na simu janja yuko nje, na jambo la mtoto mmoja likitajwa humo limeshaenea. Kamati makini huweka kanuni kwamba majina ya watoto, alama zao na makosa yao havijadiliwi kikundini, na kwamba kila tangazo la pesa hubandikwa pia kwenye ubao wa shule.

Fedha

Mizozo mingi ya vyama vya wazazi huanzia kwenye fedha. Serikali ya Kenya hukadiria Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma. Kiasi hicho hakitoshi kila hitaji, na mara nyingi huchelewa, ndipo mapendekezo ya michango ya chakula, tangi la maji au madawati yanapozuka.

Pendekezo la mchango huelezwa likiwa kamili. Mfano ni shule ya wanafunzi 600 inayotaka tangi na mifereji ya kuvunia maji ya mvua kwa Sh180,000. Hesabu ya haraka ni Sh300 kwa kila mtoto, lakini si wote watakaolipa, na familia yenye watoto wanne itatakiwa kutoa Sh1,200. Kamati huulizana kama kiwango kiwe kwa familia badala ya kwa mtoto, nani asamehewe, kazi ya mikono ihesabiwe vipi, na kilichokosekana kitatoka wapi. Baada ya hapo pendekezo hupelekwa katika bodi na kufuata njia ya idhini.

Kanuni za msingi ni chache: pesa hulipwa benki au kwa nambari ya malipo ya shule wala haziwekwi katika simu ya kiongozi, kila malipo yana stakabadhi, bei za wauzaji zaidi ya mmoja hulinganishwa kabla ya kununua, na hesabu ya mradi hutangazwa mradi unapokwisha, bila kungoja mwisho wa mwaka.

Mafunzo ya viongozi

Taasisi ya Usimamizi wa Elimu ya Kenya, KEMI, iliyoanza mwaka 1981 kwa jina la KESI, huwafundisha walimu wakuu na wajumbe wa bodi. Wawakilishi wa madarasa hawafikiwi kirahisi na mafunzo hayo. Wengi wao hutegemea semina ya siku moja inayoandaliwa na ofisi ya elimu, shirika lisilo la kiserikali au shule yenyewe.

Mafunzo yenye manufaa huanza na karatasi halisi za shule. Wajumbe hupewa bajeti ya muhula uliopita na kutakiwa waeleze fedha zilikoenda. Huigiza kikao ambacho mzazi mmoja amekasirika na mwalimu mmoja amejihami, kisha wakajadili mwenyekiti alipoyumba. Huandika kumbukumbu za kikao hicho na kuzilinganisha. Hujifunza pia namna ya kupokea habari ya mtoto anayeumizwa: kutomhoji mtoto mbele ya watu, kutopatanisha familia kimyakimya, na kuipeleka taarifa kwa ofisi ya watoto au polisi.

Mafunzo ya mara moja husahaulika, kwa hiyo huchukuliwa kwa awamu: siku ya kwanza mara baada ya uchaguzi, kikao kifupi kila muhula juu ya jambo linalowakabili wakati huo, na makabidhiano ya maandishi mwisho wa kipindi. Makabidhiano hujumuisha daftari la kumbukumbu, hesabu, orodha ya mali na mambo ambayo hayajamalizika. Muda hupangwa kwa kuzingatia kwamba mjumbe anaacha kibarua au duka. Nauli na chakula cha mchana hutajwa wazi katika bajeti ili visigeuke posho ya siri.

Ushahidi wa utafiti

Mwaka 2005 mradi ulianza katika shule za msingi za wilaya za Bungoma na Butere-Mumias, magharibi mwa Kenya. Shule 140 zilipewa fedha ili kamati zenye wazazi ziajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza kwa mkataba wa mwaka mmoja. Katika nusu ya shule hizo wazazi wa kamati walifundishwa pia namna ya kuendesha usaili, kuhakiki mahudhurio ya mwalimu, kukusanya maoni ya wazazi na kuitisha kikao cha kumtathmini kabla ya kuendeleza mkataba. Matokeo yalichambuliwa na wanauchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer.

Pale ambapo hapakuwa na mafunzo, takriban theluthi moja ya nafasi ilichukuliwa na jamaa za walimu waliokuwapo, na baadhi ya walimu wa serikali walilegeza kazi baada ya kupata msaidizi. Wazazi waliofundishwa walipunguza upendeleo huo, na faida ya mwalimu wa ziada ikawafikia wanafunzi zaidi.

Indonesia ilitoa somo la upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu kamati za shule huko ulionyesha kwamba ruzuku na mafunzo peke yake vilibadilisha kidogo sana. Mabadiliko yalikuja kamati zilipochaguliwa kwa kura na kuunganishwa na baraza la kijiji. Zikisomwa pamoja, tafiti hizo zinaonyesha kwamba semina huzaa matunda inapomkabidhi mzazi kazi mahususi na mamlaka ya kuitekeleza. Semina inayomwacha na cheti tu haibadilishi shule.

Nchi jirani

Tanzania Bara imejenga ushiriki wa wazazi juu ya kamati ya shule ya msingi na bodi ya shule ya sekondari, vyombo vinavyotokana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada katika shule za umma kuanzia mwaka 2016, na kazi ya vyombo hivyo ikaelekea zaidi katika usimamizi wa ruzuku na michango ya hiari. Uganda nayo ina kamati za usimamizi za shule zilizowekwa na sheria ya elimu ya mwaka 2008, huku vyama vya wazazi na walimu vikiendelea kuchangisha fedha, hasa za chakula cha wanafunzi.

Vipimo vya ufanisi

Kiasi cha pesa kilichokusanywa ni kipimo dhaifu, kwa kuwa shule ya wazazi wenye uwezo itashinda daima. Vipimo vinavyofaa zaidi ni uwiano wa familia zilizohudhuria mkutano mkuu, idadi ya madarasa yaliyokuwa na mgombea zaidi ya mmoja, muda unaopita kati ya mradi kumalizika na hesabu kutangazwa, na idadi ya maswali ya wazazi yaliyoandikwa katika kumbukumbu na kujibiwa kikao kilichofuata. Vyote hivyo hupatikana katika daftari la katibu. Mwanachama yeyote ana sababu ya kuomba kulisoma, na kiongozi aliyefundishwa hulileta mezani kabla hajaombwa.